Freni za kombi ya zamani: kutoka njia moja ya mafuta mpaka njia mbili

Kutoka Dilolo mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Kasaji na Mutshatsha. Wakati wa mvua kuna matope. Wakati wa kiangazi kuna vumbi na ile mistari ya barabara inayotikisa motoka mpaka visi zinalegea. Kwa safari kama hizo, na hata ndani ya miji ya Lualaba, motoka za zamani zinaendelea kubeba watu na mizigo: kombi ya Volkswagen, Hiace ya miaka ya 1980, Mercedes 207. Moteri imefunguliwa mara nyingi, bodi imechomewa tena na tena. Lakini freni mara nyingi ni zile zile za siku motoka ilipotoka kiwandani, ao zimerekebishwa kidogo kidogo kwa piesi iliyopatikana siku ile.

Moteri ikikufa, motoka inasimama. Freni ikikufa, motoka haisimame. Njo maana mwenye kombi ya zamani akipata franga kidogo, kazi ya kwanza ingepaswa kuwa freni, mbele ya rangi, mbele ya redio, mbele ya moteri mpya. Maelezo haya yanaonyesha namna freni ya mafuta inavyofanya kazi, kitu gani kinageuzwa, kwa utaratibu gani, na makosa gani yanaweza kuua watu njiani.

Freni ya mafuta inafanyaje kazi

Shofere anapokanyaga pedali, mguu wake hausukume gurudumu. Unasukuma pistoni ndogo ndani ya metrisilindi, yaani pompi kubwa ya freni. Pistoni inasukuma mafuta ya freni ndani ya tuyo nyembamba za chuma. Mafuta hayabanwi kama vile hewa inavyobanwa, kwa hiyo nguvu yote inafika kwenye silinda ndogo za magurudumu. Zile silinda zinafungua taya za freni ndani ya tamburi, ao zinabana plaketi juu ya diski. Msuguano unapunguza mwendo.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme shofere anakanyaga kwa nguvu ya kilo 30, na pedali yake inazidisha nguvu mara 5. Pistoni inapokea kilo 150. Kama metrisilindi iko na upana wa milimita 22, uso wa pistoni ni sentimita za mraba 3,8. Ukigawanya 150 kwa 3,8 unapata karibu kilo 39 kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ndiyo presha iliyo ndani ya tuyo zote, kutoka mbele mpaka nyuma.

Kutokana na hesabu hiyo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza: tuyo iliyooza ao fleksibli iliyopasuka haiwezi kushika presha hiyo hata kama inaonekana nzima wakati motoka imesimama. La pili: metrisilindi kubwa zaidi haileti freni kali zaidi. Watu wengi wanafikiri hivyo, na ni kinyume. Ukitoa metrisilindi ya milimita 19 na kuweka ya milimita 22, uso wa pistoni unaongezeka kwa asilimia 34. Pedali itashuka kidogo tu na itaonekana ngumu na nzuri, lakini shofere atapaswa kukanyaga kwa nguvu zaidi, karibu theluthi moja zaidi, ili apate presha ile ile. Metrisilindi inachaguliwa kulingana na silinda za magurudumu. Haichaguliwe kwa sababu ilipatikana sokoni.

Njia moja na njia mbili

Kombi ya Volkswagen ilianza kutengenezwa mwaka wa 1950 kule Ujerumani, kutokana na mchoro ambao mfanyabiashara Mholanzi Ben Pon aliuchora mwaka wa 1947. Ile ya kwanza ilikuwa na nguvu ya farasi 25 tu na ilikusudiwa kubeba kilo 750. Magurudumu yote manne yalikuwa na tamburi, na mafuta ya freni yalipita katika njia moja: metrisilindi yenye chumba kimoja, na tuyo zinazogawanyika kwenda mbele na nyuma.

Njia moja maana yake ni hii: tuyo moja ikipasuka, hata ile ya gurudumu la nyuma kushoto, mafuta yote yanatokea pale. Shofere anakanyaga, pedali inafika chini, na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Hakuna onyo. Kilichobaki ni freni ya mkono na vitesi.

Njia mbili ni dawa ya tatizo hilo. Metrisilindi ya njia mbili iko na vyumba viwili na pistoni mbili zinazofuatana. Chumba kimoja kinasukuma mafuta ya magurudumu ya mbele, kingine ya nyuma. Kama tuyo ya nyuma inapasuka, pistoni ya upande ule inakwenda mpaka mwisho wa chumba chake bila kazi, kisha ile nyingine inaendelea kusukuma. Pedali inashuka chini zaidi, motoka inasimama kwa umbali mrefu zaidi, lakini inasimama. Volkswagen ilianza kuweka njia mbili kwenye kombi mpya ya aina ya pili mwezi wa Agosti 1967. Huko Marekani sheria ililazimisha magari madogo mapya kuwa na freni zilizogawanywa kuanzia Januari 1968.

Hiace ya miaka ya 1980 na Mercedes 207, iliyoanza kutoka mwaka wa 1977, ziko na njia mbili tangu kiwandani. Kwa hizo kazi ni kurudisha kile ambacho kiliharibiwa ao kiliondolewa. Kwa kombi ya mbele ya 1967, kazi ni kuigeuza.

Maadui wawili: joto na maji

Freni haiui mwendo. Inaugeuza kuwa joto. Motoka yenye uzito wa kilo 2000 inayokimbia kilomita 80 kwa saa, ikisimamishwa mara moja, inatoa joto linaloweza kupasha karibu lita moja na nusu ya maji baridi mpaka yachemke. Joto hilo linaingia kwenye tamburi, diski na mafuta kwa sekunde chache. Kwa kilomita 40 kwa saa, joto ni robo tu ya lile. Na kila kilo inayowekwa juu ya paa, magunia ya mihogo, bido za mafuta, inaongeza joto pia.

Mafuta ya freni ya kawaida yananyonya maji kutoka hewani, hata kupitia mipira ya fleksibli. Yakiwa mapya, mafuta yenye alama DOT 3 yanachemka kwa nyuzi 205 ao zaidi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3,7, kipimo kinashuka mpaka 140. DOT 4 inaanzia 230 na inashuka mpaka 155. DOT 5.1 inaanzia 260 na inashuka mpaka 180. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali inazama.

Jambo la hatari ni kwamba motoka ikipumzika nusu saa, mvuke unageuka tena maji na pedali inarudi juu. Shofere anasema freni imepona, kumbe haikupona. Itazama tena kwenye mushuko unaofuata. Maji yale yale yanaotesha kutu ndani ya silinda, na kutu inakata mipira midogo ya pistoni, ile mekanisie wanaiita kupeli. Kwa hiyo mafuta ya freni yanatolewa yote na kuwekwa mapya kila miaka miwili, hata kama hayapungue. Mafuta mazuri iko na rangi ya asali nyepesi. Yakiwa meusi kama kahawa, yamechelewa.

DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zinaweza kuchanganywa, ijapokuwa mchanganyiko hauzidi ubora wa ile ya chini. DOT 5, isiyo na ile ".1", ni mafuta ya silikoni. Hiyo haichanganywe na nyingine hata kidogo.

Hatua ya kwanza: kujua kile kilichopo

Kabla ya kununua piesi yoyote, motoka inainuliwa kwa kriki, inawekwa juu ya vishikio imara, si juu ya mawe ao matofali, na magurudumu yote manne yanafunguliwa. Tamburi inapimwa: kila moja imeandikiwa ao iko na kipimo cha mwisho cha upana, na ikipita hapo haichongwe tena kwa tuneri, inatupwa. Garnitiri zilizolowa mafuta hazisafishwe kwa petroli wala kuchomwa moto. Zinabadilishwa pande zote mbili za mhimili ule.

Vumbi lililo ndani ya tamburi za zamani haliondolewe kwa kompresa. Garnitiri nyingi za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta ugonjwa miaka mingi baadaye. Linalowanishwa kwa maji na sabuni, kisha linapanguswa kwa kitambaa kinachotupwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Mara nyingi pedali iliyo chini sana haina shida ya mafuta. Taya ziko mbali na tamburi tu, juu ya kutorekebishwa. Mekanisie anayejua kazi anarekebisha taya kwanza, kisha ndipo anasema kama metrisilindi imekufa. Kuna watu walionunua metrisilindi mbili ao tatu mfululizo kwa ajili ya kosa hilo moja.

Hatua ya pili: tuyo na fleksibli

Kama tuyo ziko na kutu, njia mbili haitasaidia kitu. Zote zinabadilishwa pamoja. Tuyo ya freni ya motoka nyingi iko na upana wa milimita 4,75, ya chuma kilichokunjwa mara mbili, ao ya shaba iliyochanganywa na nikeli karibu asilimia 10.

Hapa watu wa Lualaba wasikilize vizuri. Hii ni inchi ya shaba, na tuyo ya shaba tupu, ile ya frigo, inapatikana kwa urahisi, inakunjika kwa mikono na inang'aa. Haifai kwa freni. Shaba tupu ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu, kisha inapasuka pale ilipofungwa. Kwa barabara ya kwetu, mtikisiko haukosekane. Shaba yenye nikeli inastahimili, na kutu haiiharibu. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo inafaa kununua kwa muuzaji anayeuza tuyo ya freni na anayeonyesha maandishi yake.

Mwisho wa tuyo unakunjwa mdomo mara mbili kwa kifaa chake. Mdomo uliokunjwa mara moja tu unapasuka. Tuyo inashikwa kwenye bodi kila sentimita chache ili isitikisike, na ipite mbali na eshapoma na mahali mawe yanaruka.

Fleksibli ni zile za mpira zinazofuata gurudumu linapogeuka. Zikizeeka zinavimba ndani bila kuonekana nje. Alama yake: motoka inavutwa upande mmoja, ao gurudumu moja linabaki limeshika na linapata moto wakati mguu umekwisha kutoka juu ya pedali. Mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi. Fleksibli zinabadilishwa zote, na zikifungwa, usukani unazungushwa mpaka mwisho pande zote mbili kuhakikisha haziguse pine.

Hatua ya tatu: metrisilindi ya njia mbili

Hii njo kazi yenyewe. Metrisilindi ya zamani inatolewa, ya njia mbili inawekwa pahali pake. Kwa kombi nafasi iko chini ya sakafu ya mbele, na ile mpya ni ndefu zaidi, kwa hiyo kabla ya kununua inapimwa kama itaingia bila kugusa kitu chochote. Bokali, kopo la mafuta, nayo inapaswa kuwa ya vyumba viwili, ama iwe na ukuta katikati. Bokali moja isiyo na ukuta inafuta faida yote: upande mmoja ukivuja, kopo zima linaisha.

Tuyo zinapangwa upya: ile ya mbele inatoka chumba kimoja, ile ya nyuma inatoka kingine. Kigawanyo cha zamani kilichounganisha mbele na nyuma kinaondolewa kabisa. Kimeonekana mara nyingi kikiachwa, na motoka inakuwa na metrisilindi ya njia mbili juu ya tuyo za njia moja. Kwa macho ni mpya, kwa kazi ni ile ile.

Kati ya fimbo ya pedali na pistoni inaachwa nafasi ya milimita 1. Kama hakuna nafasi, kitundu cha kurudishia mafuta ndani ya metrisilindi kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata moto yanapanuka, hayana pa kurudi, na freni zinajikaza zenyewe njiani. Nafasi hiyo inapimwa kwa kutikisa pedali kwa kidole: inapaswa kucheza kidogo kabla ya kukaza.

Metrisilindi nyingi za njia mbili ziko na mahali pa waya za taa ya onyo. Waya hizo zifungwe. Bila taa, shofere anaweza kutembea wiki nzima na njia moja imekufa, akifikiri pedali imezeeka tu. Siku ya pili ikikufa, amerudi kwenye hali ya kombi ya 1950.

Hatua ya nne: diski za mbele

Diski inapoa haraka kuliko tamburi, na ikipita katika maji inakauka haraka. Volkswagen iliziweka mbele kwenye kombi kuanzia Agosti 1970. Wenye kombi ya zamani wanapenda kuzihamisha kutoka motoka iliyokufa, lakini kuna vizuizi viwili. Kombi ya mbele ya 1967 iko na mhimili wa mbele wa aina nyingine kabisa, usiokubali piesi za ile ya baadaye bila kugeuzwa. Na motoka zenye diski ziko na matundu ya visi za gurudumu yaliyopangwa kwa duara la milimita 112, wakati zile za zamani ziko na milimita 205. Janti za zamani haziingie. Mwenye motoka ahesabu janti tano pia, pamoja na ile ya akiba.

Ndani ya metrisilindi ya tamburi kuna vali ndogo inayobakiza presha kidogo ndani ya tuyo ili mipira ya silinda isilegee. Kwa diski vali hiyo inatolewa upande wa mbele. Ikiachwa, plaketi zinakaa zimebana diski, zinapata moto, na petroli inaliwa bure.

Nguvu ya mbele ikiongezeka, nyuma inapaswa kupangwa pia. Motoka ikisimama kwa nguvu, uzito unakwenda mbele na magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Kama yanashika kupita kiasi, yanakwama na motoka inageuka nyuma-mbele, hasa juu ya udongo mwekundu uliolowa. Njo maana Hiace nyingi ziko na kigawanyo cha presha karibu na mhimili wa nyuma, mekanisie wanakiita repartiteri, kinachopunguza presha ya nyuma wakati motoka ni tupu. Kikiharibika, wengine wanakitoa na kuunganisha tuyo moja kwa moja. Motoka ikijaa haionekane. Siku inaporudi tupu na mvua inanyesha, njo inaonekana.

Kama diski hazipatikane, hakuna aibu kubaki na tamburi. Tamburi nne nzima, garnitiri mpya, tuyo mpya na njia mbili ni usalama mkubwa kuliko diski zilizofungwa vibaya juu ya njia moja.

Servofreni: msaada, haiko nguvu ya bure

Servofreni inatumia mvuto wa hewa wa moteri kusaidia mguu. Kwa kombi yenye moteri nyuma, tuyo ya mvuto inapita urefu wa motoka nzima, na kila kiungio kinapaswa kuwa kimekazwa. Moteri ya mazutu haina mvuto wa kutosha, inahitaji pompi yake, na Mercedes 207 ya mazutu inabeba pompi hiyo.

Moteri ikizimika, servofreni inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Kisha pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Shofere anayezima moteri kwenye mushuko ili apunguze mazutu anatupa msaada wake pahali anapouhitaji zaidi. Anatupa pia moteri yenyewe, ambayo katika vitesi ya chini inashika motoka bila kupasha freni moto.

Kutoa hewa ndani ya tuyo

Kazi ikiisha, tuyo zimejaa hewa. Watu wawili wanahitajika. Mmoja anakanyaga pedali polepole na kuishikilia chini, mwingine anafungua visi ya kutoa hewa kwenye gurudumu, anaifunga, kisha pedali inaachiwa. Tuyo ndogo ya plastiki inatumbukizwa ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ili hewa isirudi. Wanaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na metrisilindi, kwa kawaida nyuma kulia kwa motoka yenye usukani kushoto, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, na mwisho mbele kushoto. Bokali haiachwe iishe hata mara moja, ama kazi inaanza upya.

Kama metrisilindi ni ya zamani, chini ya pedali kunawekwa kipande cha ubao. Pistoni ikifika mpaka mwisho, pahali ambapo haijafika miaka mingi, mipira yake inapita juu ya kutu na inakatika. Motoka iliyoingia garaji na metrisilindi nzima inatoka na iliyokufa.

Mafuta yaliyotoka hayarudishwe kwenye bokali, hata yakionekana safi. Na yakimwagika juu ya rangi ya motoka, yaoshwe kwa maji mara moja, yanaitoa.

Kujaribu kabla ya kubeba mtu

Pedali inakanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa dakika moja. Ikishuka polepole, kuna pahali panavuja, nje ao ndani ya metrisilindi. Kisha viungio vyote vinapanguswa kwa karatasi kavu na kuangaliwa kimoja kimoja.

Baadaye njia mbili zenyewe zinajaribiwa. Motoka ikiwa imesimama na imewekewa mawe kwenye magurudumu, visi ya kutoa hewa ya upande wa nyuma inafunguliwa kidogo na pedali inakanyagwa. Inapaswa kushuka, kisha ikaze. Ikifika sakafuni bila kukaza, njia hazikugawanywa kweli. Inafanywa vile vile kwa mbele, kisha hewa inatolewa upya. Mwisho motoka inatembezwa tupu, polepole, katika uwanja usio na watu, na kusimamishwa mara nyingi. Inapaswa kusimama imenyooka. Baada ya hapo kila gurudumu linasogezewa mkono: lile lenye moto kuliko mengine linabaki limeshika.

Njia moja iliyobaki ni ya kufika salama kando ya barabara, haiko ya kumaliza safari. Kwa kilomita 60 kwa saa, motoka inasonga karibu mita 17 katika sekunde moja shofere anapoona hatari na kuleta mguu. Kwa freni nzuri juu ya udongo mkavu inaongeza karibu mita 28. Kama ni magurudumu ya nyuma tu yanayoshika, hesabu inaweza kufika mita 70. Kijiji kina watoto katika mita hizo.

Makosa yanayoua

Kukunja ao kuziba tuyo ya gurudumu linalovuja, kwa bulo ao kwa koleo, kisha kuendelea na abiria. Gurudumu moja la mbele likizibwa, motoka inavutwa kwa nguvu upande wa lile lililobaki.

Kuongeza mafuta ya moteri, ya vitesi ao ya usukani kwenye bokali kwa sababu ya freni yamekosekana. Mafuta hayo yanavimbisha mipira yote, ya metrisilindi, silinda na fleksibli. Kwa saa chache freni inashika, kisha inakwama ao inakufa, na mipira yote ya mfumo inapaswa kubadilishwa. Maji ya sabuni nayo yanachemka kwa nyuzi 100 tu na yanaleta kutu.

Kuosha piesi za ndani kwa petroli. Mipira inaharibika vile vile. Zinaoshwa kwa alkoli ao kwa mafuta mapya ya freni.

Kubadilisha upande mmoja tu. Silinda, garnitiri, plaketi na fleksibli zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia.

Kuisahau freni ya mkono. Inatumia kamba ya chuma, si mafuta, na njo maana inabaki wakati mafuta yamekwisha. Ikiwa kamba imekatika, motoka ya njia moja haina kitu cha mwisho.

Sheria inasema nini

Inchini Kongo, usafiri wa barabarani unaongozwa na sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Makubaliano ya Vienna ya 1968 kuhusu usafiri wa barabarani yanaomba motoka iwe na uwezo wa aina tatu: freni ya kazi ya kila siku, freni ya kushikilia motoka iliyosimama hata kwenye mulima, na namna ya pili ya kuisimamisha motoka kama ile ya kwanza imekufa. Motoka ya njia mbili yenye freni ya mkono inayoshika inatimiza mambo hayo matatu. Kombi ya njia moja yenye kamba iliyokatika haitimize hata mawili.

Abiria anaweza kuangalia nini

Abiria haiko mekanisie, lakini iko na macho. Mbele ya kupanda anaweza kuangalia upande wa ndani wa magurudumu: alama ya majimaji yanayoteleza kwenye pine ao tamburi ni mafuta ya freni ao ya mhimili. Njiani anaweza kuona kama shofere anapampu pedali mara mbili, mara tatu mbele ya kila kona. Hiyo ni alama ya hewa, ya taya zilizo mbali, ao ya metrisilindi inayokufa. Harufu ya kuungua kwenye mushuko ni freni iliyopata moto kupita kiasi: motoka isimame, ipumzike, na maji yasimwagwe juu ya tamburi ao diski yenye moto, inapasuka.

Na kama shofere anasema freni imeshuka lakini motoka itafika tu, abiria iko na haki ya kushuka.